Dakika Kumi na Moja Bila Bangili

1

Ndahani nilimfukuza kazi kwa sababu ya mkono wa pole.

Mwenzetu wa meza ya tatu alikuwa ametoka kuzika. Aliingia karakanani macho yamemvimba, na Ndahani, badala ya kumpa pole kwa mdomo kutoka kwenye kiti chake, akachomoa bangili, akainuka na kwenda kumshika mkono, huku mkono wa kushoto umebeba trei yenye punje sita. Nilimwona kupitia kioo. Niliingia, nikamnyang'anya trei, nikaitupa kwenye tanuri mbele ya watu wote bila hata kufungua kifuniko. Hasira zilikuwa zimenipanda.

"Dada Nyemo, nampa pole mtu aliyefiwa," alisema.

"Na hao sita wenye punje? Wao utawapa pole lini?"

Alivua koti la kazi polepole, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. "Kuna siku na wewe utasimama," aliniambia. "Naomba Mungu nisikie habari hiyo nikiwa hai."

Karakanani waliniita Waya. Nilijua, na sikujali. Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa chaji, na mkaguzi wa chaji anayependwa na watu wote ujue hafanyi kazi yake.

Dodoma ya siku hizi ina miezi tisa ya ukavu kwa mwaka. Ukivua sweta linalia. Ukimpapasa paka anakukimbia. Unatembea hatua tano kwenye zulia na mwili wako unabeba maelfu ya volti bila wewe kujua, maana mtu huanza kuhisi cheche zikifika kama elfu tatu. Punje haingoji elfu tatu. Punje huumia kwa kumi. Ndiyo maana tulivaa makoti ya pamba yenye nyuzi za kaboni, tukakaa juu ya mikeka ya mpira mweusi, na kila mmoja wetu akafungwa mkononi bangili yenye waya wa ethi, ili chaji iteremke ardhini taratibu kabla haijafika kwenye ncha za vidole. Waya ni mfupi makusudi. Huwezi kusimama bila kuuchomoa.

Punje yenyewe ni ndogo kama ya uwele, na hupandikizwa nyuma ya sikio la mtu aliyeshikwa na mkauko, ule ugonjwa wa kusahau uliokuja na miaka ya joto. Hukuzwa miezi saba kutokana na damu ya mwenyewe, kwa hiyo ya jirani haikufai. Ikishakaa kichwani, ubongo huiachia kazi yote ya kukumbuka. Kilichomo kwenye punje kipo, na kisichomo hakijawahi kuwepo. Ukimwambia mwenye punje jambo ambalo punje haina, atakuona mwongo, na hata ukileta picha atasema umeitengeneza.

2

Wiki tatu baada ya Ndahani kuondoka, Jumatatu asubuhi, alikuja mama mkwe wangu.

Watu wote walimwita Mama Lameck. Lameck alikuwa mwanawe wa pekee na mume wangu, na alikuwa na miaka sita kaburini. Alifukiwa na udongo akichimba kisima kirefu huko porini, na kazi ile ya visima nilimtafutia mimi. Mama hakuwahi kunilaumu mbele za watu, lakini tangu msiba ule hakunywa hata chai nyumbani kwangu. Sasa mkauko ulikuwa umemwingia. Alikuwa ameshasahau njia ya kanisani. Lameck alikuwa bado yumo kichwani mwake, na daktari alimpa miezi minne, mitano akibahatika. Watoto hatukujaliwa. Mama akimsahau Lameck, ningebaki mimi peke yangu duniani ninayemjua, na ningemjua kuanzia alipokuwa na miaka ishirini na sita tu.

Kabla punje haijafungwa, mwenyewe lazima aje aiongeleshe. Hukaa upande wa pili wa meza, nyuma ya mstari wa njano, akataja watu wake na mambo yake. Muda huo kengele inayolia bangili ikichomolewa huzimwa, kwa kuwa mlio wake huingia kwenye rekodi, na rekodi hukaa ndani ya punje tu, haina nakala. Ufunguo wa kengele nilikuwa nao mimi, na sauti zote nilirekodi mimi.

Alikuja amevaa kitenge cha nailoni kinachotoa mlio kila akipiga hatua. Akakaa. Mimi nilikuwa nimefungwa mezani, kibano mkononi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliangalia ukuta.

"Mama, shikamoo. Sasa taja majina, punje inasikiliza."

"Ndivyo mnavyosalimia wakwe huku? Umekaa kama karani wa posta?"

"Ni sheria ya kazi, mama. Waya haufiki."

"Hata kwenye msiba wa mwanangu ulinipa mkono umekaa."

Ilikuwa kweli. Siku ile miguu ilinikatalia. Miaka sita nilidhani hakuona.

"Mimi siongei na mtu asiyenisalimia," alisema, akafunga mikono kifuani. "Hiyo punje yenu ifungeni hivyo hivyo, tupu."

Nje kulikuwa na watu wengine watatu waliokwisha kurekodi asubuhi ile, wakisubiri kuambiwa kwamba za kwao zimefungwa salama. Punje zao zilikuwa wazi mbele yangu, na punje ikikaa wazi zaidi ya nusu saa huharibika. Nilimtazama yule mama. Nilimchukia kwa ukaidi wake, na nilijua ana haki. Nikachomoa bangili, nikaitundika kwenye ndoano, nikazunguka meza. Nilipiga goti mbele yake na kumpa mikono yote miwili.

Cheche iliruka kati yetu, tukashtuka wote.

"Yesu wangu! Umenipiga!" Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya harusi yangu. "Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Nilirudi kitini, naye akaanza kuongea, na hakuna aliyeweza kumzuia. Alisema Lameck alivyotafuna karanga kanisani hadi mchungaji akanyamaza kumsubiri amalize. Alisema kovu la gotini alilipata akimkimbia bata mzinga. Alisema mtoto yule tangu utotoni akidanganya hupiga mluzi kwanza, na hapo nilicheka kwa sauti, kwa sababu nilikumbuka mluzi mwingi sana jikoni kwangu. Machozi yalikuwa yananitoka. Alipomaliza nilifunga punje yake, kisha nikafunga zile tatu nyingine, moja moja, kwa uangalifu wote, na nikainua mkono kufuta macho.

Mkono ulienda mbali kuliko kawaida. Haukuvutwa na chochote.

Bangili ilikuwa bado inaning'inia kwenye ndoano. Saa ya mashine ya vipimo ilionyesha dakika kumi na moja tangu niichomoe.

3

Nilizipima punje zote nne mara tatu. Zilipita, na zilipita vizuri.

Hapo ndipo palipo na ubaya wa chaji. Ikiiua punje, mashine inakuambia, unaitupa, mambo yameisha. Lakini mara nyingi haiui. Huunguza kanjia kamoja kadogo ndani, kakabaki kameshikilia kwa unyuzi tu, na kipimo kikipita hapo kinakuta njia ipo. Tuliita punje za namna hiyo majeruhi. Majeruhi hutembea na wazima mwezi, miezi miwili, halafu siku moja unyuzi unakatika. Mimi mwenyewe ndiye niliyefundisha somo hilo kwa kila mfanyakazi mpya, na kwa ukali.

Meneja wetu aliitwa Mgaya. Nilimkuta ofisini anakula mahindi ya kuchemsha, nikamweleza yote.

"Mashine imesemaje?" aliuliza.

"Zimepita."

"Basi zimepita."

"Bosi, mimi nilikuwa na chaji. Cheche tuliiona kwa macho. Nikarudi, nikasugua kiti, nikazishika."

"Nani mwingine anajua?"

"Kumbukumbu ya mashine inajua."

"Na kumbukumbu ya mashine inasomwa na nani?" Aliweka gunzi chini na kunitazama bila huruma. "Alhamisi watu wanne wanaingia hospitali. Wewe ukiandika hayo, watu wanne hawana punje kwa miezi saba, na baada ya miezi saba hawatakuwa na cha kuweka humo. Mmoja wao ni mkweo. Halafu nitakufukuza, kwa sheria yako mwenyewe, uliyoniletea nisaini kwa mbwembwe nyingi. Nenda kafikirie. Funga mlango."

Niliufunga. Sitasema uongo, nusu yangu ilikuwa inashukuru. Alikuwa amenipa ruhusa ya kunyamaza.

4

Jumanne niliomba ruhusa nikaenda sokoni kumtafuta Ndahani. Alikuwa amefungua kibanda cha kutengeneza taa za sola. Sikwenda kuomba radhi. Nilitaka mtu anayenichukia aniambie kwamba sheria yangu ilikuwa kali mno na kwamba sita wale niliwaonea. Sijawahi kutamani kukosea kama siku ile.

"Unataka taa?" aliniuliza bila kuinua uso.

"Nimesimama," nilimwambia. "Ile siku uliyoiomba imefika."

Aliinua uso. Nilimsimulia, naye alisikiliza kwa raha isiyojificha, kama mtu anayekula embe. Nilipomaliza aliingia chini ya meza na kutoa kiboksi cha plastiki kilichofungwa spika ndogo.

"Trei uliyotupa kwenye tanuri haikuwa na sita," alisema. "Ilikuwa na tano. Moja niliichopoa nilipokuona unaingia. Ulikuwa na haraka ya kunidhalilisha, hukufungua kifuniko. Hii ni ya Mzee Chibago wa Makulu. Imekaa na umeme wiki ya nne sasa, usiku na mchana, inaongea. Nilikuwa naisubirisha itimize miezi mitatu niipeleke kwa wakubwa, wajue ulichowafanyia wale watu. Sikiliza."

Akabonyeza.

"Mimi ni Chibago," ilisema sauti ya mzee, safi, bila mkwaruzo. "Watoto wangu ni Yona, Mwinje, Anna, Sospeter na Foibe. Nyumba yangu iko nyuma ya mashine ya kusaga. Mke wangu alipenda mlenda wa, ngoja nikuambie, wa karanga nyingi."

"Umesikia?" Ndahani alisema. "Nzima kabisa. Uliwachoma watu bure."

Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha. Niliona Alhamisi, niliona mama ametoka hospitali na bandeji nyuma ya sikio, ananiita mwanangu.

"Rudia," nilisema.

Akarudia. Nikamwomba tena. Mara ya tatu furaha iliniisha.

"Watoto wangapi hao?" niliuliza.

"Watano. Si umesikia mwenyewe?"

"Ni sita. Sauti hii nilirekodi mimi. Baada ya Foibe alisema, na kitindamimba ni Nyemo, tena akanicheka kwamba nimeiba jina la mwanawe."

Tulisikiliza tena. Sauti ilitoka kwa Foibe ikaingia kwenye nyumba bila kusita wala kukwama, na mahali pa Nyemo hapakuwa hata na kimya kifupi. Kama mtu hakuwepo siku ile, asingejua kamwe. Mzee mwenyewe asingejua. Binti angekuja na uji asubuhi, na baba yake angeuliza huyu mwanamke ameingiaje ndani kwangu.

Ndahani angeweza kubisha. Alikuwa na kila sababu ya kubisha. Alizima kile kiboksi na kukirudisha chini ya meza.

"Ningekwenda kuipigania ipandikizwe kwa yule mzee," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Usidhani nimekusamehe. Ule mkono wa pole ningeutoa tena hata kesho."

"Lakini trei ungeiweka chini kwanza."

"Trei ningeiweka chini kwanza," alikubali. Alirudi kwenye taa zake na hakuniaga.

5

Jumatano asubuhi niliandika dakika zangu kumi na moja kwenye ripoti na kumpa Mgaya, akaniambia nikimaliza siku niache ufunguo. Kisha nikawaita wenye punje wote wanne, mmoja mmoja, niwaombe nizichome. Muuguzi mstaafu alilia, akakubali. Mwalimu wa kwaya naye akakubali. Dereva wa lori, mtu wa miaka arobaini na moja, alikataa katakata, akasema kichwa ni chake, akanitukana matusi ambayo sitayaandika. Niliichoma ya kwake pia. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki hiyo.

Mama Lameck aliingia wa mwisho. Siku hiyo sikufungwa na waya wowote. Nilimsimulia nimesimama.

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya kunisalimia," alisema.

"Ni kwa sababu nilisahau bangili, mama. Salamu haina kosa."

"Nipe punje yangu."

"Mama, ina jeraha. Sijui liko wapi. Inaweza kukitupa nje chochote kilichomo."

"Acha itupe. Ikitupa njia ya kanisani, nitauliza."

"Ikimtupa Lameck?"

Alininyooshea kidole. "Ikimtupa sitajua. Mtu asiyejua haumwi. Utakayejua ni wewe, na hicho ndicho unachokiogopa. Usinifiche nyuma ya sheria zako. Unaogopa kubaki naye peke yako."

Alikuwa amesema kweli. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, magoti yetu yakagusana.

"Naogopa, ndiyo," nilisema. "Lakini sikiliza jambo moja. Ukiwa na punje hii na ikamtupa, siku nitakayomtaja utaniita mwongo. Utafukuza watu watakaokuita Mama Lameck. Hakuna atakayeweza kukurudishia. Ukikaa bila punje utasahau, sikufichi. Lakini nikikuambia, utaniamini. Siku hiyo tu, lakini utaniamini. Na nikija tena nitakuambia tena."

Aliangalia mlango wa tanuri, kisha mikono yangu.

"Utakuja kila Jumapili," alisema.

"Kila Jumapili."

"Na usiniambie nusu. Usije ukanipaka asali. Utaniambia alivyotafuna karanga, na utaniambia alivyokufa, na nani aliyemtafutia kazi ya shimoni. Utaniambia na nani aliyechoma punje yangu. Nataka nikujue kila Jumapili wewe ni nani."

"Sawa, mama."

"Haya, choma. Lakini marahaba yangu hutaisikia tena mdomoni mwangu."

Niliichoma mbele yake. Haikutoa hata moshi. Akainuka, kitenge chake kikalia hadi mlangoni, akatoka.

6

Mgaya alimrudisha Ndahani kazini, naye ndiye mkaguzi sasa. Nasikia ni mkali kuliko mimi, na nasikia aliyefiwa hupewa pole na karakana nzima, mlangoni, trei zote zikiwa chini. Wazo hilo halikuwahi kunijia.

Jumapili nilikwenda. Ya kwanza alinifungulia mlango, nikapiga goti, nikasema shikamoo, akanipa mgongo. Ya pili vivyo hivyo. Nilisimulia, yeye akasahihisha: kovu lilikuwa goti la kushoto, si la kulia. Miezi mitatu nilipiga goti pale sakafuni na hakuna Jumapili aliyoniitikia. Nilikuwa nakwenda na hofu na kurudi na hasira, na nikawa nimeizoea ile chuki yake kiasi kwamba nilitembea haraka kuifikia.

Jumapili ya kumi na sita mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa juani, amejifunga kile kitenge cha nailoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, kwa upole mkubwa, na kunishika mikono yote miwili. "Hujambo? Umetokea wapi?"

Nilibaki pale chini nimeshikwa mikono. Nilikuwa nimeisubiri salamu ile kwa hamu, na sasa ilikuwa imekuja kwa sababu hakujua anampa nani. Ningeweza kukaa nayo. Ningeweza kusema mimi ni jirani, tukaota jua, tukacheka mambo ya kuku, na kila Jumapili nikaitwa mwanangu hadi siku ya kufa kwake. Nilitamani hivyo kwa moyo wote.

"Mimi ni Nyemo, mama," nilisema. "Wewe unaitwa Mama Lameck. Ulikuwa na mtoto. Alikuwa akidanganya anapiga mluzi kwanza."

Uso wake ulifunguka. "Nina mtoto?"

Nilimwambia karanga, na bata mzinga, na goti la kushoto. Aliniamini. Alicheka hadi akajishika mbavu, na mikono yangu hakuiachia. Kisha nikamwambia kisima. Nikamwambia nani alimtafutia ile kazi. Nikamwambia punje, na dakika kumi na moja, na tanuri.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akanitazama vizuri, kuanzia kichwani hadi magotini, akavuta mikono yake, akaiweka mapajani mwake na kugeukia ukutani.